Katoni Nzima, Kitu Kimevunjika: Kutafuta Kosa la Ufungaji katika Koli Ndogo

Koli nyingi ndogo, yaani vifurushi, zinazotoka Lubumbashi hubeba vitu ambavyo huvunjika upesi kuliko vinavyoonekana: mayai ya mapambo na visanduku vya malakiti (jiwe la kijani lenye shaba), seti za sataranji, sanamu za tembo na ndege, vikombe vya zawadi, picha zenye kioo, chupa za manukato. Baadhi huenda Likasi na Kolwezi kwa basi, nyingine huvuka Kasumbalesa kuingia Zambia, na nyingine hupakiwa katika ndege ya Kinshasa au ya ng'ambo. Kitu kinapofika kimevunjika, neno la kwanza la kila mtu ni kwamba wabebaji wameitupa koli. Nimefunga koli hizi kwa miaka mingi, na sikatai kwamba hutupwa. Lakini zitatupwa kesho pia, na mtumaji hana amri juu ya mikono ya wabebaji; amri aliyo nayo ni juu ya nafasi iliyomo ndani ya katoni, na makosa mengi niliyoyaona yalikuwa humo.

Kabla ya kutafuta sababu, mwambie aliyepokea koli asitupe chochote. Katoni, skochi (utepe wa gundi), makaratasi na vipande vyote ndivyo vinavyoonyesha kilichotokea. Apige picha za pande zote sita za katoni, kisha picha ya ndani kabla ya kutoa kitu, ili ionekane kitu kilikuwa kimelala wapi na vijazo vilikuwa vimekaa vipi. Asijaribu kuunganisha vipande vikavu ili aone kama vinaingiana, kwa sababu kingo za mpasuko husagana na baadaye fundi hawezi tena kuficha mshono. Kila kipande kifungwe peke yake, hata punje ndogo.

Katoni haina jeraha, lakini kitu kimevunjika

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayowakasirisha watu zaidi, kwa kuwa hawaoni pa kuelekeza lawama.

Sababu ya kawaida ni kwamba kitu kilitembea ndani ya katoni. Ishara yake ni kitu kukutwa pembeni ilhali kiliwekwa katikati, na makaratasi kukutwa yamebanwa upande mmoja. Ukaguzi wake ni rahisi na haugharimu chochote: funga katoni bila kuibandika, ishike kwa mikono miwili, itikise karibu na sikio kwa pande zote, kisha igeuze juu chini na uitikise tena. Ukisikia sauti yoyote, hata ndogo kama ya punje ya mchele, fungua uongeze kijazo. Watu wengi hutikisa mara moja tu, katoni ikiwa imesimama vizuri, wakaridhika; lakini katoni ndani ya basi haikai kama ulivyoipanga wewe.

Koli isiyolia nyumbani inaweza kuanza kulia njiani. Makaratasi ya gazeti yaliyokunjwa mviringo hushikana na kupungua kila gari linapotetemeka, na barabara ya vumbi yenye mawimbi huyasaga kwa saa nyingi mfululizo. Kwa sababu hiyo katoni ijazwe hadi kifuniko kigome kidogo kufungwa, kiasi kwamba unakisukuma kwa kiganja bila kutumia nguvu. Kwa safari ya Kolwezi, ambayo ni karibu kilomita 300, mimi hufunga koli jioni, huiacha usiku kucha chini ya uzito mwepesi, na asubuhi huongeza makaratasi mahali palipobonyea kabla ya kubandika skochi ya mwisho.

Sababu ya pili ni vitu viwili kugusana. Hapa mpasuko husema wazi: alama ya pigo iko mahali ambapo kitu kimoja kilikutana na kingine, na mara nyingi vyote viwili vimeumia. Niliwahi kutuma Kinshasa seti ya sataranji ya malakiti, kila kete ikiwa imeviringwa katika karatasi moja nyembamba, zote thelathini na mbili zikiwa zimelazwa pamoja kama viazi. Farasi wote wanne walifika hawana masikio. Nilipompelekea mzee aliyezichonga, alizigeuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akasema, «Mwanangu, hawa wamepigana wao kwa wao.» Tangu siku hiyo kila kete ina chumba chake, kilichotengenezwa kwa vipande vya katoni vilivyochanwa na kuingizwa kimoja ndani ya kingine. Anayetuma vikombe au glasi anaweza kutafuta katoni ya mvinyo yenye vyumba vyake tayari.

Sababu ya tatu inahusu malakiti hasa, na wafungaji wazoefu pia huikosea: kijazo ni laini mno kwa uzito wa kitu. Malakiti ni madini ya shaba, na uzito wake ni karibu mara nne ya maji ya ujazo uleule. Yai la kuku lina karibu gramu 60. Yai la malakiti la ukubwa huohuo hupita gramu 200. Ukililaza juu ya sponji laini ya godoro, sponji hubonyea hadi mwisho pale koli inapoanguka, na jiwe hugonga ubao wa katoni kana kwamba hapakuwa na sponji. Tuchukue koli inayoanguka kutoka kimo cha sentimita 75, yaani kiunoni mwa mtu. Kama jiwe linasimama ndani ya sentimita 2 za kijazo kinachobonyea taratibu, nguvu ya wastani inayolipata ni kama mara 37 ya uzito wake. Likisimama ndani ya milimita moja, nguvu hiyo hufika mara 750. Kinachookoa kitu si ulaini peke yake, bali ni umbali ambao kijazo kinaendelea kupungua bila kuisha.

Namna ya kukagua: weka kitu juu ya kijazo, kisha kibonyeze kwa kidole kwa nguvu ya kadiri. Ukihisi sakafu ya katoni chini yake, kijazo hicho hakifai. Tiba ya kwanza ni kuutandaza uzito, kwa kuweka kipande cha katoni ngumu kati ya jiwe na sponji ili sponji yote ifanye kazi na si sehemu iliyo chini ya jiwe tu. Tiba ya pili ni kutafuta kijazo kigumu zaidi, kama frigoliti, ile povu nyeupe inayokuja na televisheni, ukiikata kwa umbo la kitu. Nyayo za kandambili zilizochakaa, zikioshwa na kukaushwa, hufaa sana kushikilia pembe za kitu kizito. Fundi mmoja alinicheka aliponiona nazikata, na sasa anazikusanya yeye mwenyewe.

Kinyume chake pia hutokea. Kitu chepesi, kwa mfano kikombe chembamba au taa ndogo ya kioo, kikibanwa ndani ya frigoliti ngumu hupokea pigo lote kwa sababu uzito wake hautoshi kuibonyeza. Hicho ndicho kinachotaka sponji laini, vipande vya kitambaa kutoka kwa mshonaji, au plastiki yenye malengelenge ya hewa.

Ukiwa na shaka, usijaribu kwa kitu chenyewe. Chukua jiwe la kawaida lenye uzito sawa, lifunge pamoja na yai bichi la kuku ndani ya sashe (mfuko wa plastiki) iliyofungwa vizuri, lipe nafasi ileile katika katoni, kisha iangushe kutoka kiunoni: mara moja kwa tako, mara moja kwa ubavu, mara moja kwa pembe. Yai likipona, kitu chako kina nafasi nzuri.

Katoni imebonyea au pembe imekunjwa

Angalia kwanza ni sehemu gani iliyobonyea. Ikiwa ni kifuniko kilichozama katikati, sababu ya kawaida ni uwazi uliobaki juu, chini ya kifuniko. Katoni iliyojaa hubebwa na kijazo chake pia. Katoni yenye pengo hubebwa na kuta zake tu, na mfuko wa makala (makaa) ukiwekwa juu yake kuta hizo hazidumu. Sijawahi kumwona shofa (dereva) anayesoma neno «fragile», yaani «huvunjika upesi», akiwa na abiria hamsini na mizigo yao mbele yake, kwa hiyo ninafunga kila koli nikijua kwamba itakaa chini ya nyingine.

Sababu inayofuata ni katoni iliyochoka. Katoni za sokoni nyingi zimekwisha kubeba maziwa, sabuni au dawa, na hakuna ubaya katika kuzitumia tena zikikaguliwa. Bonyeza ukuta kwa dole gumba: ukirudi na kubaki sawa, mawimbi yaliyo ndani bado yako hai, ukibaki na shimo, yamekufa. Tazama pia mistari ya mikunjo ya zamani, hasa penye pembe, kwa kuwa hapo ndipo itakapokunjika tena. Katoni ya tabaka mbili za mawimbi inastahili bei yake kwa kitu chochote kinachozidi kilo mbili.

Pembe moja ikikunjwa na kitu kikavunjika upande huohuo, tatizo ni umbali. Kitu kiliwekwa karibu mno na ukuta. Pande zote sita, pamoja na chini na juu, zinahitaji sentimita 5 au 6 za kijazo. Kwa kitu cha thamani, tumia katoni mbili: kitu hufungwa vizuri katika katoni ndogo, nayo huwekwa katikati ya kubwa ikiwa na kijazo kuizunguka. Kabla ya kuituma ng'ambo, fanya hesabu, kwa sababu kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka hutoza kwa ukubwa pale ukubwa unapozidi uzito. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Katoni ya sentimita 30 kila upande huhesabiwa kuwa kilo 5.4, hata kama ndani yake mna yai moja.

Vipande vinavyojitokeza vimekatika

Mkonga wa tembo, mdomo wa ndege, mkono wa kikombe, shingo ya chupa. Mwili wa kitu ni mzima na hata haujakwaruzika, ila sehemu nyembamba imekatika kwenye shina lake. Karibu kila mara sababu ni kwamba kitu kizima kiliviringwa kwa plastiki au kitambaa na kukazwa kwa skochi, hivyo mkazo wenyewe ukalalia sehemu iliyojitokeza. Pigo dogo la njiani lilimaliza tu kazi iliyoanzwa na mfungaji. Jaza kwanza pengo lililo kati ya sehemu hiyo na mwili, kwa karatasi laini iliyokunjwa, hadi umbo lote lisawazike kama mviringo mmoja. Ndipo uviringe. Kikombe kijazwe ndani pia.

Mara chache mpasuko hupita mahali pasipo pembamba, na ukiutazama kwenye mwanga unaona mstari wa gundi au wa rangi tofauti. Malakiti ina nyufa za asili, na wachongaji huzijaza kwa gundi kabla ya kung'arisha. Hakuna ufungaji unaotibu ufa wa zamani. Kagua jiwe mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, ukililowesha maji kidogo na kulikausha: ufa hukawia kukauka kuliko uso, nao hujionyesha kama mstari mweusi.

Kitu hakikuvunjika, lakini kimefifia, kimekwaruzika au kimetiwa alama

Mikwaruzo midogo mingi kama ukungu hutokana na vumbi. Ugumu wa malakiti katika kipimo cha Mohs ni kati ya 3.5 na 4, ilhali punje za kwatzi zilizomo katika vumbi la barabara zetu hufika 7. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, vumbi jekundu huingia katika kila kitu, na punje moja iliyonaswa kati ya jiwe na karatasi husugua njia nzima. Futa kitu kwa kitambaa safi, kifunge katika karatasi laini isiyotumika, kisha kitie ndani ya sashe, na sashe ifungwe kabla hujafikia vijazo.

Madoa meusi ni wino wa gazeti. Gazeti ni kijazo kizuri, lakini lisiguse kitu chenyewe. Duara ndogo ndogo zilizopangwa kama mizani ya samaki ni alama za plastiki yenye malengelenge iliyogusa nta au vanishi wakati wa joto. Weka karatasi kati yake na kitu, na geuza malengelenge yatazame nje.

Anayetaka kusafisha alama hizo atumie kitambaa kilicholoweshwa maji tu. Ndimu, siki na dawa za kusafishia zenye amonia hula malakiti na kuuondoa mng'ao kwa dakika chache, na hapo hakuna njia isipokuwa kumrudia mchongaji.

Vibao vya kisanduku vimebanduka

Visanduku vingi vya malakiti havikuchongwa katika jiwe moja. Ni vibao vyembamba vilivyogandishwa juu ya umbo la kitu kingine. Kibao kikibanduka kikiwa kizima, bila kuvunjika, shuku joto kwanza: koli ilikaa juani au katika buti ya gari na gundi ikalegea. Shuku la pili ni unyevu uliouvimbisha ubao wa ndani, ikiwa umbo ni la mti. Andika kwenye koli kwamba isiwekwe juani, lakini usitegemee maandishi hayo. Funga kamba ya kitambaa laini kuzunguka kisanduku, juu ya karatasi, ili vibao vibaki mahali pake hata gundi ikilegea. Kifuniko nacho kitengwe na mwili kwa karatasi katikati.

Tako la katoni limefunguka

Mara nyingi ilitumika skochi moja tu, iliyopita katikati. Bandika tatu: moja juu ya mshono na mbili kwenye kingo, hivi kwamba upande wa juu na wa chini kila mmoja una umbo la herufi H. Ikiwa skochi ilibanduka ikiwa nzima na upande wake wa gundi una vumbi, katoni haikufutwa kabla ya kubandika. Baridi pia huchangia. Asubuhi za Juni na Julai, baada ya usiku wenye chini ya digrii 10, gundi ya skochi haishiki, na ni afadhali kungoja jua lipande au kufungia chumba chenye joto. Skochi nyembamba ya ofisini haifungi koli, hata ukiizungusha mara ishirini.

Katoni imelowa

Katoni iliyonyonya unyevu mwingi inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake hata kabla haijaonekana kulegea. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, weka kitu ndani ya sashe, sashe ndani ya katoni, na katoni ndani ya plastiki au mfuko wa kiroba. Ikiwa katoni ni kavu nje lakini imelowa ndani, chanzo ni kijazo chenyewe: maranda ya seremala ambayo hayakukauka, au chupa iliyovuja. Maranda yafungwe ndani ya sashe ili vumbi lake lisitoke. Nyasi na maganda ya mahindi sitatuma nje ya nchi, kwa sababu wakaguzi wa mimea mipakani wanaweza kuizuia koli nzima kwa ajili yake.

Chupa za manukato na dawa za maji huvuja hasa ndani ya ndege, ambapo shinikizo la hewa hupungua kuliko la hapa mjini. Usijaze chupa hadi mdomoni, funika kizibo kwa plastiki na skochi, isimamishe wima ndani ya sashe mbili, na zungushia kitambaa kinachonyonya. Manukato yana alkoholi, nayo huwaka. Uliza ajanse ya usafirishaji kama wanayapokea kabla hujaanza kuyafunga.

Koli ilifunguliwa njiani

Utaiona skochi ya pili juu ya ile yako, na vijazo vimerudishwa ovyo. Forodha ina haki ya kufungua. Unachoweza kufanya ni kufunga kwa namna ambayo mgeni anaweza kuirudisha: katoni ya ndani yenye kifuniko kinachoinuka kirahisi, orodha ya vilivyomo na thamani yake juu kabisa, na kila kitu katika chumba chake, ili mkaguzi aone bila kuviringua. Maelezo yawe ya kweli na mafupi, kwa mfano «yai moja la malakiti lililong'arishwa, pambo». Neno «jiwe» peke yake huwafanya wafungue.

Mahali pa kusimama

Malakiti ghafi, isiyochongwa, ni madini mbele ya sheria. Usiifunge kwa ajili ya ng'ambo kabla ya kuuliza ofisi ya madini na DGDA, yaani ofisi ya forodha ya Kongo, ni hati gani zinazohitajika.

Jiwe lililovunjika usilipige msasa nyumbani ili kusawazisha kingo. Vumbi la malakiti lina shaba na linadhuru mapafu. Wachongaji waangalifu hulikata likiwa limelowa maji na huziba pua. Gundi ya haraka ya dukani usiipake pia, kwa kuwa huenea usoni pa jiwe na haitoki. Mpelekee mchongaji vipande vyote.

Simu au betri iliyofika imevimba, ina joto au inanuka isifunguliwe, isichajiwe, na isirudishwe katika koli. Itoe nje mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha umwite fundi. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika ndani ya koli, toa watoto chumbani, fungua madirisha, usifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, na uombe msaada wa watu wa afya. Chupa za maabara na sampuli za hospitali zina ufungaji wake wenye kanuni. Mtu wa malakiti asizishike, na koli ya namna hiyo ikiwa na unyevu nje iachwe hapo ilipo hadi wenyewe wafike.

Kitu ambacho thamani yake inazidi mara nyingi gharama ya kukifunga, au kioo kinachopita sentimita 60, kimpe seremala akitengenezee sanduku la mbao kwa kipimo chake. Mpe vipimo vya kitu pamoja na sentimita 5 za kijazo kila upande, na umwambie atumie skrubu badala ya misumari, kwa sababu atakayelifungua huko mbele akikuta misumari atatumia nyundo.